Daktari akitaka kuwa mbunge wa jimbo Marekani, je, aache kliniki?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni daktari wa familia, mzaliwa wa Moshi. Naishi na kufanya kazi Minnesota, na uraia wa Marekani nimeshapata. Baadhi ya wagonjwa wangu na watu wa kanisani wananihimiza nigombee kwenye bunge la jimbo. Mke wangu anasema njia mbili zilimshinda fisi. Naomba kuuliza: daktari anaweza kweli kukaa bungeni na akaendelea kutibu? Na akishafika huko, udaktari wake unamsaidia nani, au anakuwa mwanasiasa kama wengine tu?"

Jibu:

Marahaba, Daktari. Nianze na hoja ya mke wako, maana ni nzito, kisha nije kwenye jambo ambalo hasa nataka ulifikirie kabla hujachukua fomu.

Kwa wasomaji walioko nyumbani, niseme kwanza ni bunge gani tunalolizungumzia. Si lile la Washington. Kila moja ya majimbo 50 ya Marekani ina katiba yake, gavana wake na bunge lake, na ukiacha Nebraska yenye baraza moja, mengine yote yana mawili. Mabunge haya ndiyo yanayotunga sheria za leseni za madaktari, yanayoamua muuguzi aruhusiwe kufanya nini bila kusimamiwa, mtoto achanjwe nini kabla ya kuanza shule, na jimbo litenge fedha kiasi gani kwa ajili ya Medicaid, ile bima ya umma ya watu wa kipato kidogo inayogharimiwa na serikali kuu pamoja na jimbo. Kwa hiyo mambo mengi yanayokukera kliniki kila siku, Daktari, mzizi wake uko St. Paul, mji mkuu wa Minnesota liliko bunge la jimbo.

Uraia wako si kikwazo. Aliyepata uraia kwa kuomba anafungiwa milango miwili tu, wa urais na wa umakamu wa rais. Minnesota inataka mgombea awe na umri wa miaka 21, awe ameishi katika jimbo mwaka mmoja na katika eneo lake la uchaguzi miezi 6. Novemba 2024 jirani yetu mzaliwa wa Kenya, Huldah Momanyi Hiltsley, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota lenye wajumbe 134. Yeye si daktari, lakini njia aliyopita ndiyo hiyo hiyo utakayopita wewe.

Sasa tuje kwenye muda na riziki. Mabunge ya majimbo hayafanani hata kidogo. California ni kazi ya mwaka mzima, yenye mshahara unaozidi dola 100,000. Texas inakutana siku 140 kila baada ya miaka miwili na inamlipa mjumbe dola 7,200 kwa mwaka. New Hampshire ina wawakilishi 400, na kila mmoja hupewa dola 100 kwa mwaka, kiasi kisichotosha hata mafuta ya gari. Minnesota iko katikati: katiba inawapa siku zisizozidi 120 za vikao katika miaka miwili, vikao vinaanza Januari au Februari na lazima vimalizike Mei, na malipo ni dola 50,000 hivi kwa mwaka. Ni nusu kazi kwenye karatasi. Kuanzia Aprili hadi Mei, bajeti inapofungwa, wajumbe hukaa mpaka usiku wa manane, na wakati huo hakuna mgonjwa atakayekuona.

Hata hivyo inawezekana, na mfano wake ni Howard Dean wa Vermont. Watu wengi wanamkumbuka kwa kugombea urais mwaka 2004, lakini miaka mingi kabla ya hapo alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani aliyefanya kazi pamoja na mkewe, naye daktari, katika kliniki ndogo ya Shelburne. Kilichomwingiza kwenye siasa si hospitali. Ilikuwa njia ya baiskeli kando ya Ziwa Champlain, ambayo yeye na majirani walitaka ijengwe badala ya majumba ya kifahari. Alichaguliwa kuingia bungeni mwaka 1982, akawa naibu gavana mwaka 1987, na muda wote huo aliendelea kutibu. Tarehe 14 Agosti 1991 alikuwa kliniki na mgonjwa pale alipopata habari kwamba Gavana Richard Snelling amefariki ghafla, na kwamba gavana sasa ni yeye. Hapo ndipo udaktari wake ulipokoma. Mwaka uliofuata alisimamia upanuzi wa Dr. Dynasaur, mpango wa bima ya watoto wa Vermont, ukafika hadi vijana wa chini ya miaka 18.

Kwa nini Dean aliweza? Bunge la Vermont linakutana miezi michache ya mwanzo wa mwaka, kliniki ilikuwa karibu, na juu ya yote mwenzake kazini alikuwa mkewe. Wewe hesabu vilivyo vyako. Nikupe jambo ambalo madaktari wengi hawalifikirii mpaka wamechelewa: aina ya udaktari inaamua zaidi kuliko nia yako. Daktari wa idara ya dharura anafanya zamu. Akitoka, mgonjwa wake amekwisha kupokelewa na mwingine. Wale wanaohudumia wagonjwa waliolazwa wanaweza kufanya wiki nzima kisha wakapumzika wiki nzima. Daktari wa familia kama wewe una watu wako, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, mama wajawazito, na wanakujua kwa jina. Hawa hawawezi kusubiri mpaka Mei. Ukigombea bila kuwa na mwenzako aliyekubali, kwa maandishi, kuwapokea wagonjwa wako kuanzia Januari hadi mwisho wa Mei, watakaoumia kwanza ni wale wale wanaokusukuma ugombee. Mke wako ameliona hilo.

Kagua pia upande wa mwajiri wako. Kama unafanya kazi katika hospitali ya maveterani, wewe ni mtumishi wa serikali kuu, na sheria iitwayo Hatch Act inakukataza kabisa kugombea nafasi ya uchaguzi wa vyama; utalazimika kujiuzulu kwanza. Kama hospitali yako imesajiliwa kama shirika lisilo la faida, na nyingi ziko hivyo, hairuhusiwi kukuunga mkono kwenye kampeni, hata kwa kukupa ukumbi bure. Usitumie barua pepe ya kazini, wala orodha ya simu za wagonjwa. Na ukipunguza zamu zako, uliza bima ya makosa ya kitabibu itakulinda vipi kwa kesi inayoweza kufunguliwa miaka kadhaa baadaye juu ya mgonjwa uliyemtibu leo. Haya ni mambo makavu, lakini yamewakwamisha watu wenye nia njema kabisa.

Nimeharakisha hapo kwa sababu swali lako la pili ndilo linalonigusa: udaktari unamsaidia nani huko ndani? Watu hudhani jibu ni ujuzi. Kwamba daktari anajua dawa, basi atawaelimisha wenzake. Ujuzi unasaidia kidogo. Wabunge wana watafiti, wana wataalamu wanaokuja kutoa ushahidi, wana washawishi wa kila kampuni ya dawa waliojaa kwenye korido. Kinachomtofautisha daktari ni kwamba amezoea kuwa na mtu mmoja mbele yake na kufanya kila kinachowezekana kwa ajili ya huyo mmoja, wakati bunge linamtaka apige kura juu ya watu laki moja ambao hatawaona, na kila kura inamnyima mtu fulani kitu fulani. Daktari anayeweza kubeba vyote viwili kwa pamoja ana thamani kubwa. Asiyeweza hugeuka kuwa mtetezi wa wagonjwa wake tu, au mbaya zaidi, mtetezi wa madaktari wenzake.

Hakuna aliyeonja hili kwa uchungu kama John Kitzhaber wa Oregon. Alikuwa daktari wa dharura katika mji mdogo wa Roseburg, mji wa wakata mbao. Aliingia Baraza la Wawakilishi baada ya uchaguzi wa 1978, akahamia Seneti miaka miwili baadaye, na kuanzia 1985 hadi 1993 akawa Rais wa Seneti hiyo, huku kwa miaka mingi akiendelea na zamu zake za dharura. Wakati ule bunge la Oregon lilikuwa na vikao vya kawaida kila baada ya miaka miwili, na ndiyo maana aliweza.

Mwaka 1987, katikati ya majadiliano ya bajeti, bunge lilifuta fedha za Medicaid kwa upandikizaji mwingi wa viungo. Hesabu ilikuwa hivi: fedha ambazo zingewahudumia wagonjwa 30 hivi wa upandikizaji zingeweza kuwapatia huduma za kawaida, zikiwemo za kliniki ya wajawazito, watu takribani 1,500. Hoja ilipita bila kelele. Miezi michache baadaye mvulana wa miaka 7 mwenye saratani ya damu alihitaji kupandikizwa uboho, na jimbo likasema halilipi. Familia ikaanza kuchangisha dola 100,000. Televisheni zikamwonyesha mtoto yule kila siku. Desemba 1987 alifariki kabla fedha hazijatimia.

Jiweke mahali pa Kitzhaber. Januari 1988 kamati ya dharura ya bunge iliombwa irudishe fedha kwa wagonjwa wachache waliobaki wanasubiri. Nchi nzima inatazama. Wewe ni daktari, umeapa, umeshika mikono ya wazazi chumba cha dharura. Ungefanya nini? Yeye alisimama kupinga, na ombi halikupita. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba kila mmoja amemwona mtoto huyu kwa sababu ana uso na jina, lakini kila mwaka bunge linapobana bajeti huwa linawaondoa maelfu kwenye Medicaid kwa kushusha kiwango cha kipato kinachokubalika, na hakuna kamera inayowafuata hao. Alikuwa amewaona Roseburg: watu walioletwa na kiharusi kwa sababu walikosa vidonge vya bei nafuu vya shinikizo la damu baada ya kupoteza bima. Kama jimbo lina kisima chenye maji kidogo, alitaka mgao ufanywe mchana, mbele ya watu wote.

Mimi nimelifikiria jambo hili kwa miaka na bado sina hakika kama alikuwa sahihi kumnyima mtu aliye mbele yake kwa jina la wale wasioonekana. Lakini nina hakika kwamba hakukimbia. Angeweza kurudisha fedha zile, apigiwe makofi, kisha akae kimya wakati wengine wanaondolewa. Badala yake alienda kutunga sheria.

Sheria ile, iliyopitishwa mwaka 1989, ndiyo iliyozaa Mpango wa Afya wa Oregon. Wazo lake lilikuwa jipya kabisa: kila mtu aliye chini ya mstari wa umaskini aingizwe kwenye bima, na kitakachopunguzwa fedha zikipungua kiwe huduma, si watu. Tume ya wajumbe 11, wakiwemo madaktari 5, muuguzi wa afya ya jamii, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na wananchi 4 wa kawaida, ilipewa kazi ya kupanga magonjwa na tiba zake kwenye orodha moja, kutoka yenye umuhimu mkubwa hadi ndogo. Ilifanyika mikutano 47 ya hadhara jimbo zima kusikiliza watu wanathamini nini. Kisha bunge lilitakiwa kuchora mstari: juu ya mstari inalipiwa, chini hailipiwi. Na hapa ndipo naona mkono wa daktari anayewajua wanasiasa: sheria iliwakataza wabunge kuhamisha kitu chochote ndani ya orodha. Waliruhusiwa kuchora mstari tu, hadharani, kwa kura zao.

Orodha ya kwanza ya mwaka 1990 ilitoka vibaya. Ilitengenezwa kwa kompyuta iliyogawanya gharama kwa faida, na matokeo yake tiba fulani za meno zikawekwa juu ya upasuaji wa kidole tumbo na wa mimba iliyotunga nje ya kizazi, hali ambazo zinaua mtu ndani ya siku chache. Tume ikaitupa, ikaanza upya kwa kutumia busara pamoja na takwimu, na mwaka 1991 ikaleta orodha ya vipengele 709. Bunge likalipia hadi kipengele cha 587. Serikali ya Rais Bush mkubwa ikakataa kuidhinisha mwezi Agosti 1992, ikisema namna orodha ilivyopangwa inawabagua watu wenye ulemavu, kwa kuwa ilitegemea maoni ya watu wasio na ulemavu kuhusu thamani ya maisha yenye ulemavu. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na orodha ikarekebishwa. Serikali ya Clinton ikaidhinisha Machi 1993, na mpango ukaanza Februari 1994. Zaidi ya watu 100,000 ambao hawakuwa na bima wakaipata.

Tangu kikao cha bajeti cha 1987 hadi mgonjwa wa kwanza kupata kadi yake ilipita miaka kama 7, Daktari. Wewe kliniki umezoea kuandika dawa leo na kuona matokeo wiki ijayo.

Wala hakukuwa na ushindi wa kudumu. Uchumi ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 2000, bunge lilifanya kile kile ambacho sheria ilikusudia kukizuia: waliongeza michango na kufunga milango kwa wapya. Mwaka 2008 zikapatikana nafasi 10,000 hivi, na watu karibu 90,000 wakajiandikisha, ikabidi ipigwe bahati nasibu. Uchungu ule ukazaa kitu kimoja cha manufaa, maana watafiti waliweza kuwalinganisha waliobahatika na waliokosa. Waliopata bima walimwona daktari mara nyingi zaidi, madeni ya matibabu yalipungua, na ugonjwa wa sonona ulishuka waziwazi. Shinikizo la damu na lehemu hazikuonyesha tofauti ya maana katika miaka miwili ya kwanza. Ukienda St. Paul utasikia pande zote mbili zikitumia utafiti huo, kila upande ukisoma nusu yake. Usome wote.

Nimekaa Oregon muda mrefu kwa sababu huko daktari alipambana na fedha. California daktari alipambana na madaktari wenzake, na hilo ni gumu kwa namna yake.

Richard Pan ni daktari wa watoto, aliyekuwa mwalimu wa udaktari Sacramento. Alichaguliwa mwaka 2010. Mzazi wa California wakati huo aliweza kumwandikisha mtoto shule bila chanjo kwa kutia sahihi tu kwamba imani yake binafsi hairuhusu. Pan alianza taratibu: sheria yake ya 2012 ilitaka mzazi kwanza azungumze na mhudumu wa afya kuhusu faida na hatari. Ilikuwa hatua ya kiungwana. Desemba 2014 surua ikalipuka kutoka Disneyland huko Anaheim, na watu zaidi ya 100 wa California wakaugua. Pan, sasa akiwa seneta, pamoja na Ben Allen wakaleta muswada uitwao SB 277, uliofuta kabisa msamaha wa imani binafsi. Gavana Jerry Brown aliutia sahihi tarehe 30 Juni 2015. Viwango vya chanjo kwa watoto wa chekechea vikapanda hadi zaidi ya asilimia 95 mwaka wa masomo wa 2016/17, sheria ilipoanza kazi.

Ulibaki mlango mmoja, msamaha wa kitabibu kwa mtoto ambaye kweli chanjo ingemdhuru. Mlango huo ulikuwa mikononi mwa madaktari, kwa sababu Pan aliwaamini. Na baadhi yao wakauza vyeti. Idadi ya misamaha ya kitabibu ikaanza kupanda mwaka baada ya mwaka, ikijikusanya kwenye shule fulani fulani. Ikambidi daktari arudi bungeni mwaka 2019 na SB 276, sheria inayoruhusu idara ya afya ya jimbo kupitia vyeti vya daktari yeyote atakayetoa 5 au zaidi kwa mwaka, na vya shule ambazo chanjo ziko chini ya asilimia 95. Nadhani mbunge asiye daktari angepata taabu zaidi kuleta sheria hiyo, maana angeambiwa haujui uhusiano wa daktari na mgonjwa. Pan alikuwa anaujua, na alijua pia unavyoweza kutumiwa vibaya.

Gharama aliyolipa ni ya kutisha. Zilikusanywa sahihi za kumwondoa, zikashindikana. Alitishiwa maisha. Agosti 2019 alisukumwa mtaani na mwanaharakati aliyekuwa akirusha tukio hilo moja kwa moja mtandaoni. Mwezi uliofuata mwanamke mmoja aliwarushia maseneta damu kutoka kwenye jukwaa la watazamaji, kikao kikavunjika na kuhamia chumba kingine. Wengi wa waliompinga walikuwa wazazi, watu wa aina ile ile ambao daktari wa watoto hukaa nao kwa upole siku nzima. Nakuambia haya ili uyazungumze nyumbani kabla, kwa sababu anwani ya mbunge hujulikana, na watoto wako watakuwa wanaishi humo humo.

Si kila hadithi ina damu. Ralph Northam, daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto kutoka Norfolk, aliingia Seneti ya Virginia mwaka 2008 na akawa miongoni mwa waliopigania kupiga marufuku uvutaji sigara migahawani. Fikiria ni wapi: Virginia, jimbo lililojengwa juu ya tumbaku, ambako makao makuu ya Philip Morris USA, kampuni kubwa ya sigara, yako pembezoni mwa Richmond, mji mkuu wa jimbo. Miswada ya namna hiyo ilizoea kufia kwenye kamati. Mwaka 2009 ilipita, ikiwa na mwanya: mgahawa ungeweza kuwa na chumba cha wavutaji kilichotengwa na chenye mfumo wake wa hewa. Daktari mwenye msimamo mkali angeukataa mwanya huo. Northam na wenzake waliukubali, na kuanzia Desemba 2009 wahudumu wengi wa migahawa wakaanza kuvuta hewa safi kazini. Mwaka 2018, akiwa gavana, alitia sahihi upanuzi wa Medicaid baada ya jimbo hilo kuukataa kwa miaka kadhaa, na baada ya kumaliza ugavana alirudi kutibu watoto. Mwaka 2019, akiwa bado gavana, picha ya kibaguzi kwenye ukurasa wake wa kitabu cha kumbukumbu cha wanafunzi wa chuo cha udaktari cha 1984 nusura imwondoe madarakani. Siasa hufukua ya zamani, hata ya darasani.

Kuna jaribu moja la kimya kimya kuliko hayo yote, na hilo litakufikia wiki ya kwanza. Chama cha madaktari kitakuja na mchango wa kampeni. Kisha utaletewa muswada wa kuongeza malipo ya Medicaid kwa madaktari, au wa kupunguza fidia za kesi za makosa ya kitabibu, au wa kubadili kile ambacho muuguzi mwenye shahada ya juu anaruhusiwa kufanya bila kusimamiwa na daktari. Katika majimbo mengi kanuni hazikuzuii kupiga kura, kwa kuwa faida ni ya taaluma nzima, si yako peke yako. Kanuni zikinyamaza, dhamiri ibaki macho. Mwulize muuguzi wa kijiji cha kaskazini mwa Minnesota, ambako daktari wa karibu yuko mwendo wa saa nzima, kabla hujamwuliza rais wa chama chako. Na kuhusu maslahi ya nyumbani, mwangalie tena Kitzhaber, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Oregon: baada ya sifa zote hizo alijiuzulu ugavana Februari 2015, wiki chache tangu aapishwe kwa muhula wa nne, kwa sababu ya kazi za ushauri za mchumba wake zilizoingiliana na ofisi yake. Uchunguzi wa serikali kuu ulifungwa mwaka 2017 bila mashtaka, lakini tume ya maadili ya jimbo ilimtoza faini ya dola 20,000.

Jimboni kwako kuna mfano wa aina ya sheria ambayo sauti ya daktari wa familia ingeipa uzito. Mwaka 2017 kijana wa Minnesota wa miaka 26 alifariki akijipunja insulini kwa sababu bei ilimshinda baada ya kutoka kwenye bima ya wazazi. Mama yake hakuwa mbunge wala daktari. Alipiga hodi kwenye ofisi za wabunge mpaka mwaka 2020 ikapitishwa sheria inayompa mtu aliyeishiwa insulini dozi ya siku 30 kwa dola zisizozidi 35. Chama cha kampuni za dawa kilifungua kesi siku moja kabla sheria haijaanza kazi. Wewe unao wagonjwa wanaopunja dawa hivi sasa, na unajua kwa nini hawakuambii.

Ushauri wangu basi ni huu. Usichukue fomu mwaka huu. Kwanza nenda ukatoe ushahidi mbele ya kamati ya afya katika kikao kijacho. Ratiba za kamati hutangazwa, na mwananchi yeyote anaweza kuomba kuzungumza. Utapewa dakika chache tu. Ukieleza kisa cha mgonjwa, pata kwanza ruhusa yake ya maandishi, au ukibadilishe kiasi kwamba hata mkewe asimtambue, maana siri ya mgonjwa haikomi kwenye mlango wa bunge. Baadaye kaa chini usikilize wengine siku nzima, hasa miswada isiyohusu afya: barabara, mishahara ya walimu, uvuvi wa maziwani. Hiyo ndiyo itakuwa kazi yako siku nyingi, na kama ndani ya saa mbili umechoka nayo, basi wagonjwa wako wanakuhitaji zaidi pale ulipo. Ukiona bado unataka, hudhuria kikao cha chama cha eneo lako ambapo wajumbe wa kupendekeza mgombea huchaguliwa. Minnesota mambo mengi huamuliwa hapo, miezi kabla ya kura za mchujo za Agosti.

Na kama utashinda, shikilia nusu siku ya kliniki kila wiki kadiri utakavyoweza, hata Mei. Usiifanye ili upigwe picha ukiwa na koti jeupe. Ifanye kwa sababu bajeti itakapofika mezani na mtu akapendekeza kushusha kiwango cha kipato cha Medicaid kidogo tu, unatakiwa uwe umemwona wiki hiyo hiyo mgonjwa atakayeondolewa na hicho kidogo, na umwulize mtoa hoja, kwa sauti ya kusikika kwenye kumbukumbu za bunge, ni watu wangapi na wataenda wapi.